Baba alibakiwa na maneno mawili

Baba yangu alianguka kando ya bomba la maji, nyumbani kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, asubuhi moja ya msimu wa mvua, na tangu saa hiyo hadi alipofariki, miaka mitatu na nusu baadaye, aliishi na maneno mawili tu. Hospitalini walituambia kwamba ni kiharusi: damu ilikuwa imezibiwa njia upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukarudi nusu, na ulimi ukabaki na "njo vile". Msomaji asiyetoka Lubumbashi ajue kwamba hayo ndiyo maneno tunayotumia kukubali, kufunga hadithi au kujaza kimya. Kiswahili cha vitabu kingesema "ndivyo ilivyo". Baba aliyatumia kuomba chai, kukataa dawa, kumwita mama na kuuliza kama mvua inakuja. Alichobadilisha ni sauti, ikapanda au ikashuka, ikaharakishwa au ikavutwa, nasi tukajizoeza kufuata sauti na uso, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa halituambii kitu tena.

Majirani na watu wa kanisa walikuja kutupa pole. Waliketi, wakamsalimia kwa heshima, naye akawajibu "njo vile, njo vile". Walipofika mlangoni wakiaga, wengi walinishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini swali lile lile: "Papa eko na akili bado?" Sikuwakasirikia, kwa sababu hata mimi, bintiye, nililala na swali hilo kwa wiki kadhaa. Tulikuwa tumekwisha kuanza kumzungumzia mbele yake, akiwa ameketi hapo hapo, kana kwamba alikuwa kiti miongoni mwa viti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sikusomea ubongo wala kompyuta. Lakini swali la mlangoni lilinisukuma kusoma usiku baada ya kusahihisha madaftari, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali hilo linaulizwa leo duniani kote kwa kugeuzwa. Kuhusu baba tuliuliza: hana maneno, je, ana akili? Kuhusu mashine zinazozungumza watu wanauliza: ina maneno, je, ina akili? Naamini kwamba tunakosea katika maswali yote mawili kwa sababu moja, nayo ni mazoea ya kuipima akili kwa ulimi.

Aliyenitoa kwanza katika mazoea hayo ni mzee jirani yetu, rafiki wa baba tangu walipokuwa wote mafundi wa reli. Kwa miaka mingi walikuwa wakicheza dame, yaani drafti, chini ya mwembe wetu, kwenye ubao wa viraba 100 ambao baba aliuchonga mwenyewe, mmoja akitumia vifuniko vya bia vilivyolala chali na mwingine vilivyolala kifudifudi. Miezi miwili baada ya kiharusi mzee alikuja na ubao mkononi. Aliniambia pembeni kwamba atamwachia rafiki yake ashinde, ili afurahi kidogo. Hakupata nafasi ya kuonyesha huruma hiyo. Baba alisogeza kete kwa mkono wa kushoto, polepole, akatoa kete mbili zikaliwa bure, na mimi nilidhani sasa mambo yamekwisha kweli; kumbe alikuwa akimvuta mwenzake afungue njia ya katikati, na kwa mrukio mmoja akala nne na kuingia dame, mstari wa mwisho wa mwenzake. Mzee aliutazama ubao muda mrefu, kisha akamtazama baba usoni, kisha akanigeukia mimi. "Huyu hakuenda fasi yoyote," alisema, yaani mahali popote.

Sentensi hiyo ya mzee ndiyo niliyokwenda kuitafuta vitabuni, na niliikuta. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye wenzake walimwita "Tan", kwa sababu kwa miaka mingi silabi hiyo ndiyo iliyokuwa jibu lake kwa karibu kila kitu. Baada ya Leborgne kufa, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto, na sehemu hiyo ikachukua jina lake. Hilo ndilo linalokumbukwa katika vitabu vya shule. Mimi nilikamatwa na jambo dogo zaidi katika taarifa yake. Broca alimwuliza mgonjwa amekaa Bicêtre miaka mingapi. Leborgne alifungua kiganja mara nne mfululizo, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21, na ilikuwa sahihi. Mtu aliyejulikana kwa silabi moja alikuwa anahesabu miaka yake yote ndani ya ukimya.

Ugonjwa huo wa kupoteza lugha unaitwa afazia, na tangu wakati wa Broca umechunguzwa kwa njia nyingi. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walieleza juu ya wanaume watatu wenye afazia nzito. Wanaume hao hawakuweza kutofautisha sentensi ambazo maana yake inategemea nani ametangulia, kama vile mtu kumuua simba na simba kumuua mtu, ilhali walijua vizuri kabisa kwamba kutoa 13 katika 59 si sawa na kutoa 59 katika 13, na waliweza kukokotoa hesabu zenye mabano. Mpangilio ule ule uliowashinda katika maneno haukuwashinda katika namba. Evelina Fedorenko na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, wamelifuata jambo hilo hilo kwa watu wazima wenye afya, wakiwalaza ndani ya mashine inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inayovuta damu zaidi mtu anaposoma, anapohesabu au anaposikiliza muziki. Mtandao wa lugha, ulioko mbele na ubavuni mwa ubongo, kwa watu wengi upande wa kushoto, unafanya kazi kwa nguvu mtu anaposikia au anaposoma lugha anayoijua. Anapofanya hesabu au fumbo la mantiki, mtandao huo hutulia na kazi huchukuliwa na sehemu nyingine. Mwaka 2022 timu hiyo ilichapisha uchunguzi wa wazungumzaji wa lugha 45 kutoka familia 12 za lugha, na mtandao huo ulionekana katika mahali pale pale. Mwaka 2024, katika jarida la Nature, Fedorenko, Steven Piantadosi na Edward Gibson walitoa hoja yao waziwazi: lugha kwanza ni chombo cha kupelekeana mawazo, si kiwanda chake.

Sikubali kwamba mambo yameishia hapo. Gibson na Fedorenko wenyewe, pamoja na Michael Frank na Daniel Everett, walionyesha mwaka 2008 kwamba Wapirahã wa Amazoni, ambao lugha yao haina maneno ya namba kamili, wanaweza kulinganisha vitu vilivyo mbele ya macho yao moja kwa moja, lakini hukosea pale ambapo idadi inatakiwa kukumbukwa. Neno "saba" linampa mtu mahali pa kuitundika saba yake mpaka kesho. Kwa hiyo lugha inaikopesha akili vyombo, na baba alikuwa amevikopa vyake kwa miaka 60 na zaidi kabla ulimi haujafungwa. Lakini anayekopesha jembe siye mkulima.

Ilikuwa katika mwaka wa pili wa ugonjwa huo ambapo binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja siku ya Jumapili na mashine ya kuzungumza ndani ya simu yake. Hapa kwetu watu husema "IA" kwa Kifaransa. Watanzania wanasema akili mnemba, wengine husema akili unde, na hili la mwisho ndilo ninalolipenda kwa sababu lina kitenzi cha kuunda ndani yake, mtu asije akasahau kwamba kuna waliounda. Mama aliisikiliza ikieleza dawa ya shinikizo la damu kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, akasema kwa mshangao wa kweli: "Ile iko na akili kupita sisi wote." Baba alikuwa ameketi mita mbili kutoka pale. Nilimwona akiangalia simu, na sikuweza kusema lolote.

Mashine hizo zinafanyaje kazi? Msingi wake ni mchezo wa kukisia. Mwaka 1951 Claude Shannon, aliyekuwa mhandisi wa maabara za Bell, alipima ni kwa kiasi gani mtu anaweza kubahatisha herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza kama ameonyeshwa zilizotangulia, na akaona kwamba msomaji wa kawaida anajua mengi kabla hajaona. Modeli kubwa za lugha za leo, yaani programu zinazoziendesha mashine hizo, zinafundishwa kwa mchezo huo huo. Zinapewa maandishi, zinakisia kipande cha neno kinachofuata, na zinapokosea namba zilizomo ndani yake zinarekebishwa kidogo, tena na tena. Muundo unaotumika zaidi, transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na namba kama hizo bilioni 175 na ilifundishwa kwa vipande vya maneno vipatavyo bilioni 300. Watafiti wanaoandaa shindano la BabyLM, la kufundisha modeli kwa maneno machache, tangu mwaka 2023 wameweka kikomo cha maneno milioni 100, wakikadiria kwamba mtoto hasikii zaidi ya hapo kabla ya kufikisha miaka 13. Mtoto wa Katuba hujifunza lugha tatu kwa sehemu ndogo sana ya chakula ambacho mashine hula kwa lugha yake moja kubwa.

Wapo wanaosema kwa dharau kwamba kukisia neno si kitu, na hapo pia sikubaliani nao, kwa sababu sisi wenyewe tunakisia. Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha mwaka 1980 kwamba mtu anayesoma sentensi ya mkate wenye joto uliopakwa soksi, mahali ambapo alitarajia siagi, ubongo wake hutoa wimbi la umeme la aina ya pekee mnamo theluthi moja hadi nusu ya sekunde. Na mwaka 2021 Martin Schrimpf na wenzake waligundua kwamba modeli zinazokisia vizuri neno linalofuata ndizo zinazotabiri vizuri zaidi jinsi mtandao wa lugha wa binadamu utakavyoitikia sentensi. Basi naweza kusema bila kusita kwamba mashine imepata kitu kinachofanana na kile ambacho kiharusi kilimnyang'anya baba. Swali linalobaki ni kama imepata na kile ambacho kiharusi hakikukigusa.

Jioni ile nilifanya jaribio ambalo mtaalamu angelicheka, lakini nilihitaji kulifanya. Mchezo wa baba na mzee ulikuwa umeachwa katikati. Niliviandika viraba vyote kwa namba, kete kwa kete, nikauliza mashine ichezee upande wa baba. Ilijibu kwa ufasaha uliotulia kabisa. Ilisifu mpangilio, ikaeleza umuhimu wa kushika katikati ya ubao, ikapendekeza kusogeza kete ambayo haikuwapo, kwa sababu ilikuwa imeliwa kabla sijaanza kuandika. Nilipoisahihisha iliomba radhi kwa maneno mazuri na kupendekeza hatua nyingine, nayo ikakanyaga kete yetu wenyewe. Nilimgeuzia baba ubao. Alisogeza kifuniko kimoja nyuma ya kingine ili kisiliwe, akaniangalia kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake.

Nisingependa msomaji ajenge nyumba juu ya jaribio hilo. Ilikuwa mashine moja, jioni moja, na mashine hizi hubadilika kwa kasi. Nyingine hufundishwa zaidi, baada ya kusoma maandishi, kwa ajili ya hesabu na mantiki, na hufanya vizuri kuliko ile. Tena kuna utafiti unaonizuia kusema kwamba kukisia maneno hakuwezi kamwe kuzaa ufahamu wa kitu kinachosemwa. Kenneth Li na wenzake waliichukua modeli ndogo wakaifundisha kukisia hatua inayofuata katika mchezo wa Othello, ambao nao huchezwa kwa kete kwenye ubao, wa viraba 64. Modeli haikuonyeshwa ubao, haikuambiwa kuwa kuna ubao, haikufundishwa kanuni. Ilipewa orodha za hatua tu, kama mtu aliyefungiwa nje ya dirisha anayesikia wachezaji wakitaja majina ya viraba. Watafiti walipochungulia ndani ya namba zake walikuta kwamba inaweka kumbukumbu ya ubao: kiraba kipi kina kete ya nani. Na walipoibadilisha kumbukumbu hiyo kwa mkono, wakageuza rangi ya kete moja, modeli ilibadilisha makisio yake kufuatana na ubao mpya. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2023, nimeyasoma mara nyingi. Yanamaanisha kwamba ubao unaweza kuota ndani ya mnong'ono, endapo mnong'ono unahusu ubao mmoja mdogo wenye kanuni zisizobadilika na umerudiwa mara nyingi kiasi cha kutosha. Dunia ya baba haikuwa na viraba 64.

Kwa hiyo napendelea njia ya Kyle Mahowald, Anna Ivanova na wenzao, ambao katika makala yao ya mwaka 2024 walitenganisha mambo mawili: ustadi wa lugha yenyewe, yaani kujua ni neno gani linakubaliana na lipi, na ustadi wa kuitumia lugha duniani, ambao unadai hesabu, kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, ujuzi wa nia za watu. Katika la kwanza mashine zimekwisha kufuzu. Katika la pili zina nguvu hapa na udhaifu pale, na kila udhaifu unapaswa kupimwa peke yake, bila kusaidiwa na uzuri wa sentensi. Huku kwetu tuna maneno mawili yanayonisaidia kufikiri: akili na mayele. Kwa masikio yangu, mayele ni kujua la kufanya pale ambapo hakuna aliyekufundisha, na mtu huonekana ana mayele kwa alichofanya, si kwa alichosema.

Mazoea ya kuamini ulimi ni ya zamani. Mwanafalsafa Descartes aliandika mwaka 1637 kwamba mashine ingetambulika kwa kushindwa kupanga maneno ya kujibu lolote litakalosemwa mbele yake, ingawa kwa haki yake alikumbuka pia kwamba viziwi wasiosema hujitungia ishara. Alan Turing, mmoja wa waasisi wa kompyuta, mwaka 1950 aliyachukua mazungumzo kuwa ndiyo mtihani wenyewe wa akili ya mashine. Joseph Weizenbaum alitengeneza programu ya ELIZA mwaka 1966, iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, akashtuka kuona jinsi watu walivyoifungulia moyo. Na sisi walimu tunafanya hivyo kila siku. Nimekuwa na mtoto darasani aliyehesabiwa mzito kwa miaka miwili kwa sababu Kifaransa kilimkataa. Nilipompa swali lile lile la hesabu za sehemu kwa Kiswahili cha hapa, la kugawa magunia ya unga baina ya mama watatu wa soko, alilimaliza kabla sijamaliza kulisema.

Hata Kiswahili hicho kimepimwa hivyo hivyo. Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, kabla haujaitwa Lubumbashi. Mtu akiisoma kwa kalamu nyekundu ya shule ataona makosa tu, maneno yaliyoungana na kutengana bila utaratibu; ili mwanaanthropolojia Johannes Fabian aweze kuichapisha mwaka 1990 ilibidi kwanza isomwe kwa sauti na mtu wa hapa, na iliposikika, ikasikika sauti ya mwanahistoria. Orodha ya kimataifa ya lugha inakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na kile cha pwani, lakini maandishi yake ni machache, na mashine ya binti wa dada yangu ilipomsikia mama ilimjibu kwa Kiswahili cha pwani kila mara. Mama alianza kurekebisha usemi wake mbele ya simu. Hilo liliniuma kuliko kete iliyokanyagwa.

Baada ya miezi ya kusoma nilibadilisha jambo moja nyumbani. Kaka zangu walitaka kuuza kiwanja cha baba kilichoko njia ya Kipushi ili tulipe madeni ya dawa, na walikuwa wamekwisha kukubali bei bila kumwuliza, kwa kuwa hawezi kujibu. Niliwaomba waje Jumamosi. Kaka mkubwa alieleza kila kitu kwa utaratibu, akimtazama baba machoni: mnunuzi ni nani, anataka nini, anatoa kiasi gani. Nilimwaga vifuniko mezani, nikamwambia baba kwamba kimoja ni dola elfu moja, nikapanga nane, ambayo ndiyo bei iliyotolewa. Baba alivitazama. Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole cha mkono wa kushoto, mpaka cha mwisho, kisha akavuta vinne kutoka kwenye lundo na kuvipanga mwishoni mwa mstari.

Kaka alirudi kwa mnunuzi kesho yake, wakavutana hadi jioni na kupatana kwa elfu kumi na moja. Alipopanga mezani vifuniko kumi na kimoja, baba alivihesabu, akachukua kifuniko cha kumi na mbili na kukitia katika mfuko wa shati lake, na tulikikuta humo tulipokuwa tukikunja nguo zake.